Vitamini D Inapozidi Kipimo: Jinsi Mlinzi wa Mifupa Anavyoweza Kuwa Sumu ya Figo

Kwa takriban miaka mia moja vitamini D imesifiwa kuwa mlinzi wa mifupa, na sifa hiyo inastahili, kwa kuwa ndiyo iliyosaidia kuupunguza sana ugonjwa wa matege katika miji ya viwanda ya Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako watoto walikulia katika vichochoro vyenye moshi visivyofikiwa na jua, mifupa yao ikawa laini na kupinda kwa kukosa madini ya kuikaza. Hata hivyo, sifa njema ya dawa huweza kuwasahaulisha watu kipimo chake. Leo vidonge, matone na sindano za vitamini D vinapatikana katika maduka ya dawa, katika maduka makubwa na kwa wauzaji wa mitandaoni, mara nyingi bila cheti cha daktari, na wengi wanaovinunua wanaamini kwamba kitu kinachoitwa vitamini hakiwezi kumdhuru mtu, na kwamba ziada yake hutoka tu kwa njia ya mkojo. Imani hiyo ina ukweli kwa kiasi fulani kuhusu vitamini zinazoyeyuka katika maji, kama vile vitamini C, lakini haina ukweli kuhusu vitamini D, ambayo huyeyuka katika mafuta, hujilimbikiza mwilini kwa wiki na miezi, na ikizidi kipimo huweza kuharibu figo, kuvuruga mapigo ya moyo na hata kuua.

Makala haya yanaeleza kwa nini ziada ya kirutubisho hiki ni hatari, inavyotokea, nani aliye katika hatari kubwa zaidi, na ni kipimo gani mtu wa kawaida anapaswa kukizingatia. Jambo la msingi ni hili: mwili una njia mbili za kupata vitamini D, njia ya ngozi na njia ya kinywa, na ni njia ya ngozi peke yake iliyopewa na maumbile uwezo wa kujizuia. Anayetumia njia ya kinywa analazimika kujiwekea mpaka yeye mwenyewe.

Njia mbili, kirutubisho kimoja

Mnamo mwaka 1919 tabibu wa Uingereza, Edward Mellanby, alionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba matege yanaweza kusababishwa na aina ya chakula na kuponywa kwa mafuta ya ini la samaki. Mwaka huohuo, katika jiji la Berlin, daktari Kurt Huldschinsky alionyesha kwamba watoto wenye matege hupona wakiangaziwa kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, yaani mionzi isiyoonekana kwa macho ambayo pia imo katika mwanga wa jua. Mwaka 1922 mwanakemia wa Marekani, Elmer McCollum, alithibitisha kwamba kitu kinachoponya matege kilichomo katika mafuta ya samaki ni tofauti na vitamini A, na kwa kuwa herufi A, B na C zilikwisha kutumika, akakiita vitamini D. Baadaye ikabainika kwamba matabibu hao wawili, mmoja kwa chakula na mwingine kwa mwanga, walikuwa wamekifikia kitu kimoja kwa njia mbili tofauti.

Katika njia ya ngozi, mionzi ya urujuanimno ya aina ya B inapoipiga ngozi, huibadili kemikali moja ya jamii ya kolesteroli iliyomo humo, ambayo kwa msaada wa joto la mwili hugeuka kuwa vitamini D3. Katika njia ya kinywa, vitamini hiyo huingia pamoja na vyakula vichache vilivyo nayo kiasili, hasa samaki wenye mafuta mengi kama vibua na dagaa wa baharini, kiini cha yai na maini, au pamoja na vyakula vilivyoongezewa vitamini viwandani, au kwa vidonge na matone. Aina nyingine, inayoitwa D2, hutokana na uyoga na hamira, nayo hutumika pia kutengenezea dawa.

Ikishaingia mwilini kwa njia yoyote ile, vitamini D bado haijaanza kazi. Huchukuliwa kwanza hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa kuwa kalsidioli, ambayo ndiyo hupimwa maabara pale daktari anapoagiza kipimo cha vitamini D katika damu. Kisha kalsidioli hupelekwa kwenye figo, ambako hugeuzwa kuwa kalsitrioli, nayo ndiyo yenye nguvu halisi. Kalsitrioli hufanya kazi kama homoni, maana yake ni kemikali inayotengenezwa na kiungo kimoja, ikasafiri katika damu, na kuamuru viungo vingine vifanye jambo fulani. Amri yake kubwa ni kwa utumbo, ambao huutaka unyonye kwa wingi zaidi madini ya kalsiamu na fosforasi kutoka katika chakula. Kwa hiyo, anayemeza vitamini D kwa wingi anameza malighafi ya homoni, na kwa sababu hiyo anapaswa kuiheshimu kama anavyoheshimu dawa nyingine yoyote inayogusa homoni za mwili.

Kwa nini jua halileti sumu

Wakazi wa nchi zenye jua kali mwaka mzima wangeweza kuhofu kwamba wao ndio wa kwanza kupata ziada ya vitamini D, lakini sivyo ilivyo. Ngozi inapoendelea kupigwa na jua baada ya kutengeneza kiasi cha kutosha, mionzi ileile huanza kuigeuza malighafi ya vitamini D iliyokwisha kutengenezwa kuwa kemikali nyingine zisizoongeza kalsiamu, na hata vitamini D3 ambayo bado haijaondoka kwenye ngozi huvunjwavunjwa na mwanga. Kwa utaratibu huo kiwango hufika kikomo na kusimama, hata kama mtu atashinda shambani au baharini tangu asubuhi hadi jioni.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka Tanzania. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi zao za asili, wakiwa nje juani sehemu kubwa ya siku, na wastani wao wa kalsidioli ulikuwa nanomoli 115 kwa kila lita ya damu. Kiwango hicho ni zaidi ya maradufu ya nanomoli 50, ambazo wataalamu wengi wa lishe wanazihesabu kuwa zinatosha kwa afya ya mifupa, lakini kiko mbali sana na nanomoli 375, ambazo kwa kawaida ndipo sumu huanza kujitokeza waziwazi. Watu ambao mababu zao wameishi chini ya jua la ikweta kwa vizazi visivyohesabika hawajafikishwa na jua hilo hata kwenye theluthi moja ya kiwango hicho.

Hilo halimaanishi kwamba jua halina madhara mengine. Mionzi yake huunguza ngozi na kuweza kuleta saratani, na watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuwakinga, wanapaswa kuendelea kujifunika na kujipaka mafuta ya kuzuia jua kama wanavyoshauriwa na watoa huduma za afya. Maana yake ni kwamba sumu ya vitamini D, kwa mtu asiye na maradhi maalumu, hutoka kwenye njia ya kinywa au ya sindano. Hata chakula cha kawaida hakiwezi kuileta: anayekula samaki kila siku hawezi kufikia viwango vinavyodhuru, isipokuwa chakula hicho kiwe kimeongezewa vitamini viwandani kwa makosa.

Ziada inavyodhuru mwili

Kiwango cha kalsiamu katika damu hulindwa na mwili kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa madini hayo ndiyo yanayowezesha misuli kujikunja, neva kupeleka taarifa na moyo kudunda kwa mpangilio. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango hicho huwa kati ya takriban miligramu 8.5 na 10.5 katika kila desilita, yaani katika kila sehemu ya kumi ya lita ya damu. Tezi nne ndogo zilizo shingoni, zinazoitwa tezi za parathairoidi, hushirikiana na figo kukirekebisha: kalsiamu ikishuka, figo huamriwa kutengeneza kalsitrioli zaidi, na ikipanda, utengenezaji huo hupunguzwa.

Ulinzi huo una upungufu mmoja, nao ndio chanzo cha hatari yote. Figo hudhibiti kwa ukali utengenezaji wa kalsitrioli, lakini ini halina udhibiti wa aina hiyo, bali huendelea kuibadili karibu vitamini D yote inayoletewa kuwa kalsidioli. Vitamini D inapoingia kwa wingi kupita kiasi, kalsidioli hujaa katika damu hadi yenyewe ikaanza kufanya kazi ya kalsitrioli, kwa kushika vipokezi vya homoni hiyo ndani ya chembe hai na kuisukuma itoke kwenye protini zinazoibeba. Kuanzia hapo amri ya kunyonya kalsiamu hutolewa bila kusubiri idhini ya figo. Utumbo hunyonya kalsiamu kupita mahitaji, na mifupa yenyewe, ambayo vitamini hii ilikusudiwa kuilinda, huanza kuachia madini yake yaingie kwenye damu.

Figo ndizo huumia kwanza na zaidi. Kalsiamu nyingi huzifanya zishindwe kubakiza maji, hivyo mgonjwa hukojoa sana na kuishiwa maji mwilini, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo figo zinavyozidi kushindwa kuitoa kalsiamu, na kiwango chake katika damu kikazidi kupanda. Wakati huohuo kalsiamu na fosforasi zilizozidi huungana na kuganda, kama magamba meupe ya chokaa yanavyoganda ndani ya birika linalochemshiwa maji ya kisima, isipokuwa magamba haya hujijenga ndani ya figo, katika kuta za mishipa ya damu na wakati mwingine katika moyo na mapafu. Baadhi ya wagonjwa hupata mawe kwenye figo, wengine hupata makovu yasiyofutika, na wachache hufikia hatua ya figo kushindwa kabisa kufanya kazi.

Ukali wa jambo hili unathibitishwa na matumizi mengine ya vitamini D3 ambayo watu wengi hawayajui: katika baadhi ya nchi hutengenezewa sumu ya panya. Panya anayekula chambo chenye kiasi kikubwa hufa baada ya siku chache kwa sababu ileile ya kalsiamu kupanda katika damu, figo na moyo vikaharibika.

Dalili zinazofanana na za maradhi mengine

Ugumu wa kuitambua sumu ya vitamini D ni kwamba dalili zake hazina alama ya pekee. Mgonjwa huanza kwa kupoteza hamu ya kula, kusikia kichefuchefu, kutapika, kuumwa na tumbo na kufunga choo, na dalili hizo huweza kudhaniwa kuwa ni vidonda vya tumbo. Hufuata kiu kali na kukojoa mara kwa mara, mchana na usiku, jambo linaloweza kumfanya yeye na ndugu zake wadhani kwamba amepata kisukari. Uchovu, udhaifu wa misuli, maumivu ya mifupa na kupungua uzito huweza kuhusishwa na malaria, homa ya matumbo au uzee. Hali ikizidi, hasa kiwango cha kalsiamu kikipita miligramu 14 kwa desilita, mgonjwa huweza kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kawaida, mapigo ya moyo wake yakayumba, na hatimaye akapoteza fahamu.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa mwenye dalili hizi anapofika zahanati au hospitali anapaswa kutaja kila kidonge, tone, unga au sindano aliyotumia katika miezi iliyopita, hata kile asichokihesabu kuwa dawa. Wagonjwa wengi wakiulizwa wanatumia dawa gani hutaja zile walizoandikiwa na daktari pekee, na kuviacha virutubisho vya ziada walivyojinunulia, ilhali jibu la maradhi yao huenda limo humo humo. Kipimo cha kalsiamu katika damu, pamoja na vipimo vya figo na cha kalsidioli, vinatosha kwa kawaida kuufunua ukweli.

Mafunzo ya miaka iliyopita

Historia ya vitamini D inaonyesha kwamba madhara yake yamerudi mara kwa mara kila kipimo kiliposahaulika. Katika miaka ya 1930 na 1940, baadhi ya madaktari wa Marekani na Ulaya waliwapa wagonjwa wa baridi yabisi, yaani maradhi ya maungio, vipimo vikubwa mno vya kila siku, vilivyofikia mamia ya maelfu ya vizio vya kimataifa, na wagonjwa wengi wakaishia na figo zilizoharibika, huku maungio yao yakiwa hayajapona.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili na katika miaka iliyofuata, serikali ya Uingereza iliamua kuwakinga watoto wote dhidi ya matege, hivyo vitamini D ikatiwa katika maziwa ya unga ya watoto na katika nafaka zao, na mafuta ya samaki yakagawiwa kwa familia. Kila hatua ilikuwa njema peke yake, lakini zilipojumlishwa, mtoto mmoja aliweza kupata kwa siku mara kadhaa ya kiasi alichohitaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari waligundua watoto wachanga waliokuwa wakitapika, wakikataa kunyonya na kudhoofu, damu yao ikiwa na kalsiamu nyingi kupita kiasi, na mwaka 1957 serikali ikapunguza viwango hivyo. Swali la kwa nini baadhi tu ya watoto waliugua, ilhali wenzao waliokunywa maziwa yaleyale walikuwa salama, lilipata sehemu ya jibu mwaka 2011, watafiti walipobaini kwamba wapo watu wanaozaliwa na kasoro katika jeni inayosimamia uvunjaji wa vitamini D mwilini, hivyo kiasi kinachomfaa mtoto mwingine kwao huwa sumu.

Tukio jingine linalojulikana sana lilitokea katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako kiwanda kimoja kidogo kilichokuwa kikiwapelekea wateja maziwa majumbani kilikosea kipimo cha kuongeza vitamini D. Mwaka 1992 madaktari waliripoti wagonjwa 8 walioathiriwa na maziwa hayo, na uchunguzi uliofuata ukawabaini watu 56 waliopata sumu, wawili kati yao wakafa. Sampuli moja ya maziwa hayo ilikutwa na zaidi ya vizio 200,000 katika ujazo wa karibu lita moja, mahali palipotakiwa kuwa na vizio 400 tu. Waathirika hao hawakupata sumu kwa kumeza vidonge. Walikunywa maziwa kama walivyozoea, na tukio lao linaonyesha kwa nini uongezaji wa virutubisho katika vyakula unahitaji ukaguzi wa mara kwa mara, katika nchi yoyote ile.

Kipimo salama ni kipi?

Vitamini D hupimwa kwa namna mbili, na kuchanganya namna hizo mbili ni mojawapo ya vyanzo vya makosa. Namna ya kwanza ni mikrogramu, ambayo ni sehemu ya elfu moja ya miligramu. Ya pili ni vizio vya kimataifa, vinavyoandikwa kwenye lebo kwa herufi IU. Mikrogramu moja ni sawa na vizio 40, hivyo mikrogramu 25 ni vizio 1,000, na miligramu moja, ambayo kwa dawa nyingine huonekana kuwa kitu kidogo, ni vizio 40,000.

Kwa mujibu wa mapendekezo yaliyotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwishoni mwa mwaka 2010, na ambayo yanafuatwa na wataalamu wengi, mtoto mchanga anahitaji vizio 400 kwa siku, mtu wa umri wa mwaka 1 hadi 70 anahitaji vizio 600, na aliyezidi miaka 70 anahitaji vizio 800. Mpaka wa juu, yaani kiasi ambacho mtu hapaswi kukipita kila siku bila usimamizi wa daktari, ni vizio 4,000 kwa mtu mzima na mtoto aliyefikia miaka 9, vizio 3,000 kwa mtoto wa miaka 4 hadi 8, vizio 2,500 kwa wa mwaka 1 hadi 3, vizio 1,500 kwa wa miezi 6 hadi 12, na vizio 1,000 tu kwa aliye chini ya miezi 6. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula nayo imeweka mpaka huohuo wa vizio 4,000, yaani mikrogramu 100, kwa watu wazima.

Anayepita mpaka huo kwa siku moja hatakufa, kwa kuwa sumu kamili mara nyingi huwapata wanaotumia makumi ya maelfu ya vizio kila siku kwa wiki au miezi, au waliopigwa sindano kadhaa zenye mamia ya maelfu ya vizio kwa kufuatana. Lakini makosa ya aina hiyo ni rahisi kutokea kuliko inavyodhaniwa. Daktari humwandikia mgonjwa mwenye upungufu mkubwa kidonge cha vizio 50,000 ameze mara moja kwa wiki, kwa wiki zipatazo 8; mgonjwa asiyeelezwa vizuri humeza kila siku, au huendelea kwa mwaka mzima. Mzazi hujaza kitonea chote cha dawa ya matone badala ya kuishia kwenye alama, kosa lililoilazimu Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kutoa tahadhari mwaka 2010. Mwingine hutumia kidonge cha vitamini mchanganyiko, cha kalsiamu, cha mafuta ya samaki na cha vitamini D yenyewe, bila kujua kwamba vyote vinne vina kirutubisho kilekile. Hata lebo yenyewe haiaminiki kila mara: utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2013 ulipima vidonge vya vitamini D, ukakuta kwamba kiasi halisi kilianzia asilimia 9 ya kilichoandikwa hadi asilimia 146.

Zaidi si bora

Watu wengi huvuka kipimo kwa kutumaini faida za ziada, kama vile kinga dhidi ya saratani, maradhi ya moyo au maambukizi, na matumaini hayo yaliongezeka wakati wa janga la UVIKO-19. Ni haki ya msomaji kujua kwamba tafiti kubwa hazikuyaunga mkono. Utafiti uliofanyika Marekani na kuhusisha watu wazima 25,871, waliopewa ama vizio 2,000 kwa siku ama kidonge kisicho na dawa, ulitangaza mwaka 2018 kwamba vitamini hiyo haikupunguza idadi ya waliopata saratani wala waliopata mshtuko wa moyo na kiharusi, na mwaka 2022 ikaelezwa kwamba haikupunguza hata kuvunjika kwa mifupa.

Kwa vipimo vikubwa zaidi, matokeo yalikuwa kinyume cha yaliyotarajiwa. Nchini Australia, wanawake 2,256 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walishiriki utafiti ambamo nusu yao walipewa vizio 500,000 kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo walianguka na kuvunjika mifupa mara nyingi zaidi kuliko wasiopewa. Katika mji wa Calgary nchini Kanada, watu wenye afya njema walitumia vizio 400, 4,000 au 10,000 kila siku kwa miaka 3, na mwaka 2019 ikaripotiwa kwamba mifupa ya mkono ya waliotumia vipimo vikubwa ilikuwa na msongamano mdogo wa madini kuliko ya waliotumia kipimo kidogo. Upungufu wa vitamini D hudhoofisha mifupa, na kuuziba upungufu huo huiimarisha. Lakini kikombe kikishajaa, kuendelea kumimina hakumfaidi anayemimina.

Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi

Wapo watu ambao hata kipimo cha kawaida kwao kinahitaji ushauri wa daktari. Wa kwanza ni watoto wachanga, kwa sababu ya udogo wa miili yao. Wa pili ni wenye maradhi ya figo au waliowahi kupata mawe kwenye figo; utafiti mkubwa wa wanawake nchini Marekani ulionyesha kwamba waliotumia vidonge vya kalsiamu pamoja na vitamini D walipata mawe hayo kwa asilimia 17 zaidi. Wa tatu ni wenye kifua kikuu na wenye sakoidosisi, yaani ugonjwa unaojenga vinundu vya uvimbe katika mapafu na viungo vingine, kwa sababu chembe za kinga zilizomo katika vinundu vya maradhi hayo huweza kutengeneza kalsitrioli zenyewe, bila kutii udhibiti wa figo. Jambo hili lina uzito wa pekee katika Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, ambako kifua kikuu bado kinawapata watu wengi, na ambako mgonjwa aliyekonda hununuliwa na ndugu zake kila aina ya vitamini kwa nia njema ya kumrudishia nguvu.

Kundi la nne ni wanaotumia dawa fulani. Baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo, kama haidroklorothiazaidi na bendrofluazaidi, huzifanya figo zibakize kalsiamu, hivyo zikichanganywa na vitamini D nyingi hatari huongezeka. Digoksini, ambayo ni dawa ya moyo, huweza kuleta mvurugiko mbaya wa mapigo ya moyo kalsiamu inapopanda. Mafuta ya ini la samaki nayo yanahitaji tahadhari ya pili, kwa kuwa yana vitamini A pia, ambayo ikizidi huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito hapaswi kuyatumia bila kumuuliza mhudumu wa kliniki.

Waswahili wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini wako katika hali tofauti kidogo. Rangi ya ngozi yao, iliyo kinga dhidi ya jua la ikweta, hupunguza utengenezaji wa vitamini D mahali ambapo jua la majira ya baridi ni hafifu, na ndiyo maana Uingereza huwashauri wenye asili ya Afrika watumie mikrogramu 10, yaani vizio 400, kila siku kwa mwaka mzima. Katika nchi za Ghuba, upungufu ni wa kawaida licha ya jua kali, kwa kuwa watu hukaa ndani kuepuka joto na mavazi hufunika sehemu kubwa ya mwili. Ushauri wa kutumia vidonge ni sahihi kwa walio huko, lakini haustahili kutumwa nyumbani pamoja na chupa za vidonge, kwa ndugu anayelima shamba mchana kutwa chini ya jua la Tabora au anayevua katika mwambao wa Lamu.

Tiba na kinga

Sumu ya vitamini D hutibika ikigunduliwa mapema. Hatua ya kwanza ni kuacha vidonge vyote vyenye vitamini D na kalsiamu, na kupunguza vyakula vyenye kalsiamu nyingi. Hospitalini mgonjwa hutundikiwa dripu ya maji ya chumvi ili kurudisha maji mwilini na kuzisaidia figo kutoa kalsiamu. Anaweza kupewa dawa za jamii ya prednisoloni, zinazopunguza unyonyaji wa kalsiamu katika utumbo, na dawa zinazoizuia mifupa kuachia madini yake. Hali ikiwa mbaya zaidi, damu husafishwa kwa mashine. Kwa kuwa vitamini hiyo imejificha katika mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo, ufuatiliaji huweza kuchukua wiki nyingi au miezi, na mgonjwa aliyejiona amepona hapaswi kukatiza vipimo vyake.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Asiye na sababu ya kitabibu hana haja ya kumeza vipimo vikubwa, na mwenye sababu apimwe, aandikiwe kipimo na muda wa kukitumia, kisha apimwe tena. Mnunuzi asome lebo, ajumlishe vizio vya kila kidonge anachotumia, na aulize mfamasia panapomtatiza. Muuzaji wa dawa anao wajibu wa kutaja mpaka wa juu kabla ya kupokea fedha, kama anavyotaja kipimo cha dawa ya malaria, na mamlaka za udhibiti zinapaswa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye chupa ndicho kilichomo. Mwenye matege na mwenye mifupa dhaifu wanastahili kupata vitamini D bila woga wala kuchelewa, kwa maana upungufu wake nao ni ugonjwa. Ila wanaowapatia wakumbuke kwamba mwili wa mgonjwa hauna namna ya kuikataa ziada iliyopitia kinywani, na kwamba wao ndio waliokabidhiwa kazi hiyo.